Kizunguzungu na Sikio la Ndani

Mtoto akisimama uwanjani, akanyosha mikono, akajizungusha mara kumi au zaidi kisha akasimama ghafula, miti na nyumba humzunguka na ardhi humponyoka miguuni. Huanguka, hucheka, huinuka na kurudia. Mchezo huu ni wa kale, wala hapana mtoto anayehitaji kufundishwa. Kiswahili kimeliita jambo lenyewe kizunguzungu, jina lililozaliwa na kitendo cha kuzunguka. Na wenye vyombo vya baharini husema ya kuwa abiria fulani amelewa, hali hakuonja hata tone la tembo. Basi lugha iliijua sababu, na iliijua dalili. Jambo moja tu halikuwamo katika jina wala katika msemo, nalo ni mahali. Ni kiungo gani cha mwili kinachopata habari ya mzunguko na kuifikisha katika akili? Swali hili ni jepesi kulitamka, lakini wenye elimu wa Ulaya walikaa nalo zaidi ya miaka elfu mbili kabla ya kulijibu katika karne ya 19, na wakati wote huo wagonjwa walitibiwa kiungo kisichoumwa. Habari ya jibu hilo yafaa kusimuliwa kwa taratibu, maana ndani yake mna mafunzo yanayopita mipaka ya sikio.

Wayunani wa kale hawakulipuuza jambo hili. Theophrastus, mwanafunzi wa Aristotle aliyerithi uongozi wa chuo chake mjini Athens, aliandika kijitabu kizima juu ya kizunguzungu. Kwa jumla rai ya wakale ilikuwa kwamba ndani ya kichwa mna pumzi au majimaji, na kwamba vitu hivyo vikivurugika au vikizunguka, mtu huona dunia inazunguka pia. Rai hii haikuwa ya kipumbavu, na baadaye itaonekana kwamba ilikaribia ukweli kuliko walivyojua wenyewe. Kosa lake lilikuwa kuuweka msukosuko ule katika ubongo. Tena Aristotle alikuwa amezihesabu hisia za mwanadamu akazipata tano: kuona, kusikia, kunusa, kuonja na kugusa. Hesabu hiyo ilipata heshima kubwa kwa karne nyingi, hata ikawa kama sheria. Ni desturi ya wanadamu kwamba kisichohesabiwa hakitafutwi, na kisichotafutwa hata kikiwa mbele ya macho huonekana kama sehemu ya kitu kingine.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa sikio. Katika karne ya 16 wapasuaji wa maiti wa Italia walianza kueleza viungo vya mwili kama walivyoviona kwa macho yao, si kama vilivyosimuliwa vitabuni. Gabriele Falloppio, katika kitabu chake cha mwaka 1561, alieleza mifereji mitatu iliyopindika iliyomo ndani ya mfupa wa kando ya kichwa, nyuma ya pango la sikio. Karibu na mwaka 1760 Domenico Cotugno wa Naples alionyesha kwamba sikio la ndani limejaa maji, si hewa kama ilivyodhaniwa. Mwaka 1789 Antonio Scarpa alitoa maelezo na michoro mizuri ya mirija laini iliyolala ndani ya mifereji ile ya mfupa. Kwa hiyo kabla karne ya 18 haijaisha, umbo la kiungo lilikuwa limejulikana vizuri: upande mmoja chumba kilichojiviringa mfano wa konokono, katikati ukumbi mdogo, na upande wa pili mifereji mitatu, kila mmoja ukielekea upande wake, kama sakafu na kuta mbili zinavyokutana katika pembe ya nyumba.

Umbo lilijulikana, lakini kazi haikujulikana. Wote walikata shauri kwamba mifereji ile ni ya kusikia. Wengine walisema kwamba kwa kuwa ni mitatu, na kila mmoja una upande wake, basi kazi yake ni kumjulisha mtu upande sauti inakotoka. Hoja hii ilikuwa na sura nzuri. Aliyekuta chombo ndani ya sikio angekidhania nini, kama si chombo cha kusikilizia? Jirani alihukumiwa kwa jina la mwenye nyumba, na hukumu hiyo ikadumu zaidi ya miaka mia tatu.

Wakati huohuo watu wengine walikuwa wakikishughulikia kizunguzungu chenyewe, bila kufikiri habari za sikio hata kidogo. William Charles Wells, tabibu aliyezaliwa Charleston katika Marekani na kufanya kazi London, alitaka kujua kama macho ya mtu aliyezunguka hutulia au hutembea. Mtu hawezi kuyaona macho yake mwenyewe yakitembea. Lakini Wells aligundua hila. Mtu akiutazama mwanga mkali kwa kitambo, alama ya mwanga ule hubaki katika jicho, na hufuata jicho popote linapokwenda. Wells alijitia alama hiyo, akajizungusha, akasimama, akaona alama inakimbia upande mmoja polepole na kurudi kwa kasi, mara nyingi mfululizo. Alitangaza haya mwaka 1792. Erasmus Darwin, babu yake Charles Darwin, hakukubali. Katika kitabu chake kikubwa juu ya sheria za uhai, kilichoanza kutoka mwaka 1794, alishikilia kwamba macho hayatembei. Wells akamjibu kwa majaribio mengine, na haki ilikuwa upande wake. Mwenye sifa kubwa alikosa, na mwenye sifa ndogo akapata, kwa sababu mmoja alitegemea fikira na mwingine alitegemea jaribio.

Fikira ya Darwin ilizaa jambo jingine. Alipendekeza kwamba mgonjwa azungushwe kitandani ili alale usingizi. Pendekezo hilo lilichukuliwa na matabibu wa wenda wazimu, na mwaka 1804 Joseph Mason Cox alieleza katika kitabu faida za kiti cha kuzunguka katika kuwatuliza wagonjwa wa akili. Viti hivyo vilienea katika hospitali kadhaa za Ulaya. Wagonjwa walifungwa humo wakazungushwa hata wakatapika na kulegea, na ulegevu wao ukaandikwa kuwa ni kupona. Kwa hiyo kizunguzungu, kabla hakijaeleweka, kilikuwa kimekwisha kutumiwa kuwa adhabu yenye jina la dawa.

Katika nchi ya Bohemia, Jan Evangelista Purkyně alikitazama kizunguzungu kwa jicho la mtafiti. Katika maandishi yake ya mwaka 1820 na baada yake alieleza kanuni ya ajabu. Mtu akizunguka hali ameinamisha kichwa begani, kisha akasimama na kukiinua kichwa, dunia haimzunguki kama pia inavyozunguka sakafuni, bali humpindukia kama gurudumu. Maana yake ni kwamba mzunguko unaoonekana hushikamana na kichwa, na hufuata mhimili uleule ambao kichwa kiliuzunguka mwanzo. Kanuni hii peke yake ilitosha kuonyesha kwamba mjuzi wa mzunguko anakaa kichwani, na kwamba anaweza kutambua mihimili mbalimbali. Purkyně alifika hapo, akasimama. Alidhani ya kuwa ubongo wenyewe, kwa ulaini wake, hubaki nyuma kidogo fuvu linapozunguka. Ufunguo alikuwa nao mkononi, lakini aliutia katika kufuli la mlango wa jirani.

Katika miaka ya 1820 Pierre Flourens mjini Paris aliikata mifereji ya sikio la ndani katika njiwa. Alitarajia njiwa wawe viziwi. Hawakuwa viziwi, waliendelea kusikia. Walakini walishikwa na misukosuko ya kutisha. Njiwa aliyekatwa mfereji uliolala alizungusha kichwa kulia na kushoto, akajizungusha mwili mzima kama pia. Aliyekatwa mfereji uliosimama alipinduka mbele au nyuma. Kila mfereji ulikuwa na mzunguko wake, na mzunguko ule ulifuata upande uleule mfereji unakoelekea. Haikupata kutokea ithibati iliyo wazi kuliko hiyo, na hata hivyo Flourens hakuisoma sawasawa. Alisema kwamba mifereji inazuia na kuongoza mwendo wa mwili. Hakusema kwamba inahisi kitu. Hakika iliandikwa, ikachapwa, ikakaa katika maktaba karibu miaka arobaini ikingojea mtu wa kuihitaji.

Mtu huyo alikuwa Prosper Ménière. Alizaliwa mjini Angers mwaka 1799, na tangu mwaka 1838 alikuwa tabibu mkuu wa chuo cha taifa cha viziwi mjini Paris. Kazi hii ilimfanya akutane kila siku na watu wa masikio, na kuyasikiliza malalamiko yao yote, si yale ya kutosikia peke yake. Wengi walimsimulia habari moja: mtu mwenye afya njema hushikwa ghafula na uvumi sikioni, dunia ikazunguka, akaanguka, akatapika, akatoka jasho la baridi, baada ya saa chache hali ikatulia, lakini usikivu wa sikio moja ukabaki umepungua. Katika siku zile matabibu waliita hali hii kujaa kwa damu katika ubongo, nduguye kiharusi. Kwa kuwa damu ilidhaniwa kuzidi, mgonjwa alitolewa damu, aliumikwa, alibandikwa ruba, na alinyweshwa dawa za kuharisha. Shambulio lilipopita, kama kawaida yake ya kupita, sifa ilipewa wembe. Liliporudi, wembe ulirudi pamoja nalo. Mgonjwa aliyekuja na sikio bovu aliondoka na sikio bovu na upungufu wa damu.

Tarehe 8 Januari 1861 Ménière alisimama mbele ya chuo cha matabibu cha Ufaransa na kusema kwamba ugonjwa huu si wa ubongo, bali ni wa sikio la ndani. Aliwakumbusha wenzake njiwa wa Flourens. Kisha aliwaeleza habari ya msichana mmoja aliyesafiri usiku wa baridi juu ya gari la farasi, mahali palipo wazi, akapoteza usikivu wote kwa ghafula, akashikwa na kizunguzungu na kutapika kila alipojitikisa, akafa siku ya tano. Maiti yake ilipopasuliwa, ubongo na uti wa mgongo vilionekana salama kabisa. Palipokuwa na dosari ni katika mifereji mitatu, iliyojaa kitu chekundu badala ya maji yake. Matabibu wa baadaye wamesema, na kwa haki, kwamba msichana yule hakuwa na ugonjwa unaoitwa leo kwa jina la Ménière, maana ugonjwa huo hauui. Mfano ulikuwa na kasoro, lakini hoja ilikuwa ya kweli. Hata hivyo wenzake waliipokea kwa ubaridi, na Ménière alifariki dunia mwezi Februari mwaka uliofuata, kabla ya kuona maneno yake yakishika mizizi.

Mahali palikuwa pamejulikana. Lililosalia ni namna. Jibu lake lilitoka katika miji mitatu kwa wakati mmoja, kwa watu watatu ambao kila mmoja alikuwa na kazi nyingine. Mjini Prague alikuwako Ernst Mach, profesa wa fizikia, ambaye alikuwa ameona kwamba garimoshi linapokata kona, nyumba na miti humwonekea abiria kama imeinama. Mjini Vienna alikuwako Josef Breuer, tabibu wa nyumba kwa nyumba, aliyefanya majaribio ya njiwa kwake nyumbani bila cheo cha chuo. Ndiye ambaye baadaye, mwaka 1895, aliandika pamoja na Sigmund Freud kitabu juu ya maradhi ya nafsi. Mjini Edinburgh alikuwako Alexander Crum Brown, mwalimu wa kemia. Mach na Breuer walitangaza rai zao mwezi Novemba 1873, na Crum Brown mwezi Januari 1874. Hakuna aliyemwibia mwenziwe.

Rai yao, ikiondolewa tofauti ndogondogo, ni hii. Mtu akitia maji katika sufuria, akaweka jani juu yake, kisha akaizungusha sufuria ghafula, sufuria huzunguka lakini maji na jani hubaki nyuma. Vivyo hivyo kichwa kinapogeuka, mfereji hugeuka pamoja nacho, lakini maji yaliyomo huchelewa. Kila mfereji una kivimbe, na ndani yake mna kiwambo laini kama ute wa yai uliogandamana, kilichoshikwa na vinywele vidogo sana vilivyounganishwa na mishipa ya fahamu. Maji yaliyochelewa hukisukuma kiwambo, kiwambo hupinda vinywele, na mishipa hupeleka habari katika ubongo. Mifereji ni mitatu kila sikio, nayo hufanya kazi jozi kwa jozi, wa kulia na wa kushoto, hata hapana namna ya kugeuza kichwa isiyokuwa na shahidi wake.

Mach alijenga kiti ndani ya fremu iliyozunguka, akakaa humo amefunikwa asione kitu. Aligundua kwamba mzunguko ulio sawasawa, usiozidi wala kupungua, hauhisiwi. Kinachohisiwa ni mabadiliko ya mwendo. Crum Brown alimkalisha mtu kwenye kiti amefungwa macho, akakizungusha taratibu. Mwanzo mtu yule alitaja sawasawa upande anakozungushwa. Baada ya kitambo alisema kiti kimesimama, hali bado kinazunguka. Na kiti kiliposimamishwa kweli, alisema anazungushwa upande wa pili. Hapa ndipo siri ya mchezo wa mtoto ilipofunuka. Mzunguko ukiendelea, maji huushika mwendo wa mfereji na kiwambo hurudi wima. Mtoto akisimama ghafula, mfereji husimama lakini maji huendelea, yakakipinda kiwambo upande mwingine. Sikio husema kwa unyofu kwamba kichwa kinageuka. Macho husema kwamba hakigeuki. Na katikati ya mashahidi hao wawili mwili huyumba.

Yale macho ya Wells nayo yalipata maelezo. Sikio la ndani huyaamuru macho yaende kinyume cha kichwa, ili kitu kinachotazamwa kisiponyoke. Mwanafunzi anaweza kulithibitisha jambo hili pale alipokaa: akitikisa kichwa upesi huku akisoma ukurasa uliotulia, maneno husomeka, akituliza kichwa na kuutikisa ukurasa kwa upesi uleule, maneno huvurugika. Katika hali ya kwanza sikio ndilo linaloyashika macho. Baada ya mzunguko kukoma, sikio lililodanganyika huendelea kutoa amri zilezile, na macho hutii.

Kwa rubani udanganyifu huu si mchezo. Ndege ikizunguka ndani ya mawingu kwa kitambo, rubani huacha kuhisi mzunguko. Akiinyosha, huhisi kwamba sasa inazunguka upande wa pili, na akilitii sikio lake huirudisha katika mzunguko uleule aliotoka. Wengi wamekufa kwa kuiamini hisia kuliko saa na vipimo vilivyokuwa mbele yao. Ndiyo sababu marubani hufundishwa kwa kuketishwa katika kiti cha kuzunguka, ili waone kwa nafsi zao jinsi shahidi mwaminifu anavyoweza kusema uwongo bila nia ya kudanganya.

Rai ya mwaka 1873 ilihitaji ithibati kwa wanadamu, na ithibati ilipatikana kwa watu ambao hakuna aliyezoea kuwauliza neno. William James, wa chuo cha Harvard, alifikiri hivi: ikiwa mjuzi wa mzunguko anakaa katika sikio la ndani, basi miongoni mwa viziwi wapo waliopoteza sikio la ndani lote, na hao hawatapata kizunguzungu. Mwaka 1882 alitangaza matokeo. Katika viziwi 519 waliozungushwa, 186 hawakupata kizunguzungu hata kidogo, 134 walipata kidogo tu, na 199 walipata kama watu wengine. Katika wanafunzi na walimu wapatao 200 wa Harvard wenye kusikia, aliyeepukana nacho alikuwa mmoja tu. Katika miaka ya 1890 Alois Kreidl wa Vienna naye alipata matokeo ya namna hiyo kwa viziwi wa mji wake. Tena Kreidl alifanya jaribio zuri kwa uduvi. Uduvi huwa na chembe za mchanga katika tundu dogo kichwani, nazo huanguka chini na kumjulisha juu ni wapi. Akijivua gamba hupoteza chembe hizo, hutia nyingine. Kreidl alimpa vumbi la chuma badala ya mchanga, kisha akaleta sumaku: uduvi alijigeuza kuifuata sumaku kana kwamba juu na chini vimehama. Katika ukumbi wa sikio la mwanadamu pia mna vijiwe vidogo vya chokaa vyenye kazi hiyohiyo ya kupima uzito na mwinamo.

Mlango wa hospitali ulifunguliwa na Robert Bárány, aliyezaliwa Vienna mwaka 1876. Alipokuwa tabibu kijana katika nyumba ya wagonjwa wa masikio, alizoea kuyaosha masikio kwa maji, na wagonjwa walizoea kulalamika kwamba wanashikwa na kizunguzungu. Siku moja mgonjwa alimwambia kwamba kizunguzungu huja maji yasipokuwa ya moto wa kutosha. Nyumbani kwake akitumia maji yenye joto la kadiri hapati taabu. Bárány angeweza kulidharau neno hilo. Badala yake alimwagiza muuguzi alete maji ya moto zaidi. Kizunguzungu kikaja tena, lakini macho ya mgonjwa yalikimbia upande ulio kinyume na ule wa maji baridi. Bárány akakumbuka chombo cha kuchemshia maji ya kuoga: maji ya moto hupanda, ya baridi hushuka. Basi maji ya sikio la ndani nayo hupanda au hushuka yanapotiwa moto au baridi kutoka nje, na mwendo huo hukisukuma kiwambo. Tangu mwaka 1906 matabibu waliweza kupima kila sikio peke yake, kwa maji tu na saa mkononi.

Kwa kazi hii Bárány alipewa tuzo ya Nobel ya mwaka 1914. Habari ilipotoka mwaka 1915 alikuwa mfungwa wa vita mikononi mwa Warusi huko Merv katika Asia ya Kati, baada ya kuanguka kwa ngome ya Przemyśl alikotumikia jeshi la Austria. Mwaka 1916 alifunguliwa kwa msaada wa Mwana wa Mfalme Carl wa Sweden. Aliporudi Vienna, baadhi ya wenzake walimshitaki kwamba hakuwataja vya kutosha wale aliotumia kazi zao. Akahamia Uppsala, akafundisha huko hadi kufa kwake mwaka 1936.

Elimu haikuishia hapo. Katika miaka ya 1930 Wilhelm Steinhausen alitia rangi katika mfereji wa samaki aliye hai, akaona kwa macho kile ambacho waliotangulia walikisia tu: kiwambo kimeziba kivimbe toka ukuta hadi ukuta, na hupinda na kurudi kama mlango wenye springi. Mwaka 1938 Charles Hallpike na Hugh Cairns huko London, na Kyoshiro Yamakawa huko Japani, walionyesha kwamba katika ugonjwa wa Ménière mirija ya sikio la ndani imevimba kwa maji yaliyozidi. Ménière alikuwa na miaka 76 kaburini. Na Bárány naye alisahihishwa: mwaka 1983, katika maabara ya Spacelab iliyozunguka dunia mahali pasipohisiwa uzito, ambapo maji ya moto hayapandi wala ya baridi hayashuki, macho yalitembea hata hivyo sikio lilipotiwa joto. Maelezo yake yalikuwa ya kweli, lakini hayakuwa ukweli wote.

Faida iliyo kubwa zaidi kwa wagonjwa ilitoka katika vile vijiwe vya chokaa. Kuna watu wengi, hasa wenye umri mkubwa, ambao wakijigeuza kitandani dunia huzunguka kwa muda mfupi kisha hutulia. Bárány alieleza hali hii mwaka 1921, na mwaka 1952 Margaret Dix na Hallpike walitengeneza njia ya kuitambua. John Epley, tabibu wa Portland katika Marekani, alikata shauri kwamba vijiwe vimetoka mahali pake vikaingia katika mfereji, na kwamba vinaweza kurudishwa kwa kukigeuza kichwa cha mgonjwa kwa utaratibu maalumu, bila kisu wala dawa. Alianza kuieleza njia yake mwaka 1980. Wengi walimcheka, na maandishi yake makuu hayakuchapwa hadi mwaka 1992. Leo njia hiyo hutumika duniani kote, na mara nyingi mgonjwa hupona katika dakika chache.

Hatimaye elimu hii ilirudi kwa viziwi, mahali ilipokuwa imekaa na Ménière. Mwaka 1961 mwanaanga Mrusi Gherman Titov aliugua kichefuchefu akiwa angani, na Wamarekani walikuwa na hofu iyo hiyo kwa watu wao. Tangu mwisho wa miaka ya 1950 walikuwa wamewaomba msaada wanaume 11 viziwi wa chuo cha Gallaudet mjini Washington, ambao kumi kati yao walipoteza usikivu utotoni kwa homa ya uti wa mgongo, na pamoja na usikivu wakapoteza hisia ya mzunguko. Baadhi yao waliishi siku 12 katika chumba kinachozunguka pasipo kudhurika. Safari moja walipelekwa katika bahari chafu karibu na Nova Scotia: wao walicheza karata kwa furaha, na watafiti waliokuja kuwapima walilala wakitapika, hata jaribio likavunjwa.

Ukizingatia habari hizi kwa mfululizo, jambo moja hudhihirika. Visu vilivyopasua sikio vilionyesha umbo lake, lakini kazi yake ilijulikana kwa kuwasikiliza watu. Ménière aliwasikiliza wagonjwa ambao wengine waliwatoa damu. Bárány alimsikiliza mgonjwa aliyelalamikia maji. James aliwauliza viziwi, ambao dunia ilizoea kuwahesabu kwa kile wasichokuwa nacho. Hisia iliyokosa nafasi katika hesabu ya Aristotle ilikuwako siku zote, ikimshika kila mtu asianguke, na haikujulikana mpaka wale walioikosa walipopewa nafasi ya kusema.